Nimeitia pikipiki yangu ya Triumph T120 pistoni kali na kamshafti ya resi, sasa ni mbovu kuliko nilivyoinunua. Kosa liko wapi?

#1 Mlala_Meriden
Wakuu, habari za jioni.

Niko Coventry, kazi yangu ni ya usiku ghalani, mchana nikiamka nachezea Triumph Bonneville T120 ya 1969, 650 cc. Nilinunua kwa mzee mmoja wa Kiingereza ambaye magoti yalishakataa kupiga kiki. Ilikuwa inatembea vizuri kabisa, aliyeiharibu ni mimi.

Baridi iliyopita niliifungua. Pistoni za mgandamizo (kompresheni) wa 9:1 zikatoka, zikaingia za 10.5:1. Kamshafti (chuma kinachofungua valvu) ya upande wa kuvuta hewa nimeweka yenye umbo kali zaidi. Ekzosi za wazi, na lile bomba linalounganisha ekzosi mbili kwa mbele nimelitoa. Kabureta ni zilezile Amal Concentric 930, jeti kubwa (kitundu kinachopima petroli) nimeipandisha namba mbili. Taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto, nilipiga mwenyewe kwa pointi, zile swichi za moto.

Sasa hivi chini ya mizunguko 3,000 kwa dakika inakohoa. Kuanzia 4,500 mpaka 5,000 inatetemeka hadi kioo cha pembeni kinanionyesha magari mawili palipo na moja, halafu inakata. Plagi ya kushoto nyeusi, ya kulia nyeupe kama chaki.

Nimefika mahali pa kuamini kwamba Edward Turner, aliyezibuni, alizimaliza hizi injini mwenyewe mwaka 1937, na kila anayekuja kuongeza anapunguza. Nipingeni.

#2 Fundi_Gerezani
Kabureta. Plagi mbili rangi mbili, kuna nini cha kujadili hapo? Kushoto inakunywa, kulia ina njaa. Fungua, safisha, funga.

#3 Mpita_Njia
Uza, nunua Boxer ya bodaboda, lala usingizi.

#4 Kichwa_Ngumu
Nafuatilia nikiwa Nairobi. Mimi nina BSA A65, pikipiki nyingine ya zamani ya Kiingereza, na magonjwa yanafanana. Fundi_Gerezani, Concentric si kama kabureta za bodaboda. Mwili wake na slaidi yake (kipande kinachopanda ukivuta mafuta) vimetengenezwa kwa madini ya aina moja, kwa hiyo vinakulana. Ukiingiza slaidi ndani na kuitikisa kwa kidole ikacheza, hewa inapita pembeni na hakuna kusafisha kutakakosaidia.

#5 Fundi_Gerezani
Mkuu #4, hewa ikipita pembeni plagi inakuwa nyeupe. Ya kushoto ni nyeusi. Umemjibu nusu injini.

#6 Mzee_Magneto
Marahaba wote mnaotaka kuniamkia, tusipoteze muda.

Mlala, plagi ya kushoto ni nyeusi ya aina gani? Nyeusi kavu kama masizi ya chungu ni petroli nyingi, au moto dhaifu. Nyeusi yenye majimaji ni oili. Futa kwa kidole uniambie.

Na swali la pili, kabla ya pistoni za resi uliusafisha mtego wa matope ndani ya kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni?

#7 Mlala_Meriden
Shikamoo mzee wangu. Nimefuta. Ni nyeusi, inang'aa kidogo, kidole kimeteleza lakini si sana.

Mtego wa matope ndio upi?

#8 Mzee_Magneto
Nilijua.

Injini yako haina chujio la oili kama la gari. Ina vichujio vya waya tu, chembe ndogo zinapita. Kiwanda kiliweka bomba jembamba ndani ya kranki, oili inapita humo kabla ya kufika kwenye beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki. Kranki ikizunguka, uchafu unatupwa nje na kugandamana ukutani mwa lile bomba. Ni ujanja mzuri, ila bomba likijaa halina pa kumwagia, na kulifikia lazima upasue injini nzima.

Mwaka 1978 nikiwa kijana Mombasa, gereji niliyokuwa nashika spana waliletewa Triumph ya miaka ya 60. Kifuniko cha mtego kimefungwa kwa skrubu, na kiwandani waligonga alama pembeni isilegee. Tulitoboa ile alama kwa drili, tukapasha moto, tukapiga bisibisi ya kugonga. Kilichotoka kilikuwa kigumu kama udongo wa kichuguu, tukakichokonoa kwa spoku ya baiskeli karibu saa nzima. Katikati palibaki tundu la kupitisha njiti ya kiberiti. Na ile pikipiki ilikuwa inatembea, mwenyewe alileta kwa sababu ya klachi tu!

Wewe umeongeza mgandamizo juu ya kitu ambacho hujakiona ndani. Kabureta zinaweza kusubiri.

#9 Fundi_Gerezani
Mzee nakuheshimu, lakini mtego wa matope haufanyi plagi iwe nyeusi.

#10 Mzee_Magneto
Sikusema hivyo. Nimesema utamfanya atembee kwa miguu.

#11 Dada_Torki
Nimechelewa, nilikuwa kazini. Mimi ni fundi mitambo hapa Birmingham, kazi yangu ni mashine za kukata chuma.

Mnajadili plagi, ule mtetemo wa 4,500 mmeuacha. Kranki ya T120 ni ya digrii 360, pistoni zote mbili zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Zinapokezana kuwaka, lakini kwa mtetemo ni kama silinda moja kubwa. Uzito unaowekwa kwenye kranki hauwezi kulipa deni lote. Ukilipa lote la juu na chini, mtetemo haufi, unahamia mbele na nyuma. Kwa hiyo kiwanda kinachagua asilimia. Kwenye 650 za baadaye Triumph walitumia 85, za zamani zilikuwa chini zaidi. Hiyo 85 imepigwa kwa uzito wa pistoni za kiwandani.

Mlala, pistoni mpya uliziweka kwenye mizani?

#12 Mlala_Meriden
Dada, sikupima kabla, ila za zamani ninazo, na ile kampuni iliyoniuzia imeandika uzito kwenye boksi. Nimeweka ya zamani kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu, pamoja na pini na ringi. Mpya imezidi gramu 31 kila moja.

Mke wangu ameuliza kwa nini mizani inanuka oili. Tusiendelee na hilo.

#13 Dada_Torki
Gramu 62 kwa zote mbili. Kwa hesabu ya haraka, 85 yako imeshuka hadi karibu 80. Si msiba, kuna watu wanatembea na chini ya hapo. Ila kila fremu ina mahali inapoitikia. Yako inaonekana inaitikia hapohapo unapotaka kukaa barabarani.

#14 Bin_Seif_Muscat
Wallahi huu uzi ni mtamu. Miye nina Norton Commando 850 hapa Muscat, na Norton waliona tabu hiyohiyo wakaamua kutoshindana nayo. Wakafunga injini, gia na gurudumu la nyuma pamoja, wakavitenga na fremu kwa mipira. Wakaita Isolastic. Chini ya mizunguko 2,500 hivi inacheza kama dafu kwenye mkokoteni, ukipita hapo ni hariri.

Ila kuhusu kuongeza nguvu, wasikilizeni Norton wenyewe. Mwaka 1972 walitoa 750 yenye injini ya Combat, kompresheni 10:1, nguvu farasi 65 kwa karatasi. Beringi za kranki zikawa zinakufa mapema mno. Kosa lilikuwa beringi dhaifu, walipoleta za Superblend mambo yakatulia.

#15 Dada_Torki
Ami Bin Seif, ongeza kidogo. Beringi hazikuwa dhaifu peke yake. Kranki ile imeshikwa sehemu mbili tu, kulia na kushoto, katikati hakuna kitu. Ukiipa mizunguko mikubwa inapinda kama upinde. Ikipinda, ncha za rola zinachimba njia yake. Superblend zina rola zilizovimba kidogo sana katikati, kwa hiyo kranki ikiinama rola haichimbi. Kranki inaendelea kupinda vilevile.

#16 Mzee_Magneto
Na wengine watakwambia si beringi wala kupinda, bali kile kifaa cha kusogeza taimingi kwa mzunguko. Vile vyuma viwili na springi zake vilikuwa vikichakaa upesi, moto unakuja mapema kuliko inavyotakiwa, pistoni inapigwa nyundo kabla haijafika juu. Piga nyundo hiyo kwa kompresheni 10 uone beringi gani itavumilia.

Mlala, chako ulikiangalia? T120 ina pointi mbili, kila silinda na yake, na koili yake. Ulipiga taimingi kwa silinda zote au kwa moja ukadhani nyingine itafuata?

#17 Mlala_Meriden
Mzee… nilipiga kwa ya kulia.

#18 Kichwa_Ngumu
😂😂😂

#19 Mpita_Njia
Boxer ina silinda moja. Ukipiga kwa moja umemaliza.

#20 Mzee_Magneto
Basi fanya hivi. Kwa 650 hiyo moto unatakiwa uwe digrii 38 kabla ya juu, kifaa kikiwa kimefunguka mpaka mwisho. Upande wa kushoto kwenye kifuniko cha klachi kuna kidirisha cha duara, fungua utaona alama kwenye rota ya dinamo. Tafuta taa ya kumulika taimingi. Peleka mizunguko 3,000 na zaidi, mulika silinda moja, rekebisha sahani kubwa ya pointi. Kisha mulika ya pili, ila hapo usiguse sahani kubwa, sogeza ile sahani ndogo ya pointi za pili tu. Ukigusa kubwa umeharibu ya kwanza.

Nyeupe ya kulia inaweza kuwa moto umewahi, nyeusi ya kushoto moto umechelewa. Sisemi ndiyo, nasema inawezekana.

#21 Fundi_Gerezani
Inawezekana pia ni kabureta.

#22 Tonge_Nyama
Samahani kuingilia, mimi si wa pikipiki ila napenda hadithi. Hii Bonneville si ndiyo ile iliyovunja rekodi ya dunia kule jangwa la chumvi Marekani, ndiyo ikapewa jina?

#23 Bin_Seif_Muscat
Naam, 1956, Johnny Allen, maili 214 kwa saa.

#24 Kichwa_Ngumu
Mwaka na mwendo sawa, pikipiki siyo. Kilichokimbia 1956 kilikuwa chombo kirefu kama sigara, ndani kina injini ya Triumph 650 ya Thunderbird, yenye kichwa cha chuma, ikinywa spiriti badala ya petroli. T120 ilikuwa haijazaliwa, imekuja kwenye orodha ya mwaka 1959. Jina ndilo lilitoka kwenye ule uwanja wa chumvi. Na shirikisho la kimataifa, FIM, lilikataa kuiandika ile rekodi kwa ugomvi wa vifaa vya kupimia muda. Wamarekani waliitambua.

#25 Tonge_Nyama
Kwa hiyo wameipa pikipiki jina la rekodi iliyokataliwa. Nimeipenda zaidi.

#26 Dada_Torki
Tukiwa kwenye historia, Mlala ananikera na lile dai la #1. Turner hakuzimaliza. Speed Twin, ile yake ya 1937, ilikuwa 500 cc. Thunderbird ya 650 ilitoka na nguvu farasi 34, Bonneville ya 1959 ikatoka na 46, umbo la injini ni lilelile. Halafu akaja Doug Hele, mhandisi wa Triumph, akachukua ile ndogo ya 500, Tiger 100, akaishughulikia kichwa, kamshafti na njia za hewa. Buddy Elmore akashinda nayo mbio za Daytona, Marekani, 1966 akiwa ameanzia nafasi ya 46, na 1967 akashinda Gary Nixon. Ni 500 yenye pushrodi (vijiti vya kusukuma valvu) hiyo, dhidi ya Harley za 750.

Zinaongezeka basi. Ila Hele alikuwa na chumba cha kupimia injini na anabadilisha kitu kimoja kwa wakati. Wewe umebadilisha vitano kwa mkupuo, kisha unauliza kipi kimeharibu.

#27 Mlala_Meriden
Dada umenipiga palipo na kidonda. Nakubali.

Kilipokuwa kile kiwanda cha Triumph, Meriden, ni dakika chache kutoka kwangu. Wamekibomoa, pamejengwa nyumba. Kuna barabara inaitwa Bonneville Close. Nilikwenda kuegesha pale nipige picha, ikazimika. Mama mmoja akatoka akasema hapa huwa zinazimika sana.

#28 Kichwa_Ngumu
Weka picha!

#29 Fundi_Gerezani
Turudi kazini. Mlala, zima injini. Toa vichujio vya hewa uzione slaidi. Vuta mkono wa mafuta kidogo, achia. Sikiliza. Ukisikia "tak" moja, kabureta zinafunga pamoja. Ukisikia "ta-tak", moja inatangulia. Ni bure, haihitaji taa wala mizani ya shemeji.

Halafu chukua plasta nyeupe, zungushia mkono wa mafuta, weka alama ya robo, nusu na robo tatu. Tembea barabarani uone inakohoa kwenye alama ipi. Kuanzia kufunga mpaka kama robo ni jeti ya sailensa (ya injini kunguruma bila kuvuta mafuta) na mkato wa slaidi. Robo mpaka robo tatu ni sindano na jeti yake. Ile jeti kubwa uliyoipandisha inaanza kusema baada ya robo tatu. Kwa maana hiyo ulipandisha kitu ambacho hukitumii mjini, na kukohoa kwako kuko kwingine.

#30 Dada_Torki
Fundi, hili la plasta ndilo bora kuliko yote yaliyoandikwa humu, pamoja na yangu.

#31 Fundi_Gerezani
Ahsante dada. Nilikuwa nangoja mtu aone.

#32 Kichwa_Ngumu
Naongeza la jeti ya sailensa. Kwenye Concentric nyingi imepigiliwa ndani ya mwili, haitoki. Ikiziba petroli inakauka ndani na kuacha kitu kama gundi. Upepo wa kompresa haukitoi. Mimi nilitumia kidrili namba 78, chembamba kama sindano ya kushonea, nimekishika kwa vidole tu, ukiingiza kwenye tundu la skrubu ya hewa kinakwenda moja kwa moja. Kuna za kisasa za Amal zinazoitwa Premier, jeti inatoka na slaidi ina gamba gumu juu yake.

Na kwa wa Nairobi, sisi tuko juu ya mita 1,700. Hewa ni nyepesi. Jeti za kitabu cha Uingereza huku zinazidi, A65 yangu ilikuwa inatoa moshi mweusi hadi nilipoteremsha namba mbili. Nikiteremka nayo Mombasa sitathubutu kuvuta mafuta yote bila kurudisha za zamani. Kila mwaka kwenye Concours, maonyesho ya magari na pikipiki pale Ngong, wazee wanabishana haya, hakuna anayeshinda.

#33 Bin_Seif_Muscat
Umetaja A65, ile bushi ya upande wa taimingi umeshughulikia?

#34 Kichwa_Ngumu
Usinikumbushe. Kwa wasiojua, BSA A65 upande mmoja kranki inakaa kwenye bushi (pete ya chuma laini badala ya beringi), na oili ya konrodi inapitia kwenye hiyohiyo bushi. Ikichakaa oili inavuja hapo kabla ya kufika mbele. Taa ya oili haikwambii kitu. Yangu ilivunja konrodi nikiwa natoka Limuru, ikatoboa kizimba cha injini, nikauona mguu wangu kupitia injini. Sasa nimeweka beringi ya rola pale na oili inaingia kwa mwisho wa kranki. Imekula pesa ya kununua pikipiki nyingine.

#35 Mpita_Njia
Pikipiki gani hiyo nyingine? 😉

#36 Kichwa_Ngumu
Usimalizie.

#37 Mlala_Meriden
Ripoti ya Jumapili.

Slaidi: "ta-tak". Fundi ulikuwa sahihi, ya kulia ilikuwa inatangulia. Nimeweka mpini wa drili mbili za saizi moja chini ya slaidi zote, nimerekebisha nyaya mpaka zote zinaachia kwa pamoja. Sasa ni "tak".

Plasta: inakohoa kabla ya robo.

Taimingi: nimeazima taa kwa jirani. Kulia 38 kamili. Kushoto 33. Nimeisogeza hadi 38.

Nimetembea maili kumi. Kukohoa kumepungua, hakujaisha. Mtetemo uko palepale. Plagi ya kushoto bado nyeusi, ya kulia imekuwa kahawia nzuri.

#38 Fundi_Gerezani
Umeona? Kabureta.

#39 Mzee_Magneto
Umeona? Taimingi.

#40 Dada_Torki
Mmemfanya abadilishe viwili kwa siku moja. Sasa hatutajua milele.

#41 Salama_wa_Salala
Jamani ni zamu yangu, mimi msomaji wa kimya. Hiyo nyeusi inayoteleza inanipa shaka. Mlala, ulipofunga injini ulitia oili gani?

#42 Mlala_Meriden
Ya bei kubwa kabisa. Sinthetiki.

#43 Salama_wa_Salala
Kutoka siku ya kwanza?

#44 Mlala_Meriden
Ndiyo. Nilitaka kuitunza.

#45 Salama_wa_Salala
Hapo. Ringi mpya zinatakiwa zisuguane na silinda zikae. Oili inayoteleza mno na kutembea polepole kwa upole vinafanya ukuta ung'ae kama kigae, ringi hazishiki, oili inapanda. Babangu alitumia oili ya madini ya kawaida kwa maili 500 za kwanza, na aliipandisha kilima akivuta mafuta, akiachia, akivuta, akiachia. Pima kompresheni ya kila silinda. Kisha mimina kijiko cha oili tunduni upime tena. Kushoto ikipanda sana, ni ringi.

#46 Mzee_Magneto
Au gaidi ya valvu ya kuvuta, yaani ule mrija unaoongoza shina la valvu. Ringi na gaidi moshi wake ni tofauti. Ukivuta mafuta ikatoa moshi wa buluu ni ringi. Ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukavuta ghafla ikapuliza bumba moja, ni gaidi.

#47 Fundi_Gerezani
Au petroli inatoa povu kwenye chungu cha kabureta kwa ule mtetemo, floti (boya linalopima petroli) inapoteza akili, silinda moja inazidishiwa. Kwenye kabureta za resi za zamani walitenga chungu na mwili, wakakining'iniza kwa mpira. Walikuwa wanacheza?

#48 Dada_Torki
Hiyo ya povu ni kweli, na ikiwa hivyo basi inarudi kwenye gramu 62, kwa sababu mtetemo ndio unaotoa povu. Kwa hiyo kabureta ya Fundi inasumbuliwa na mizani yangu.

#49 Fundi_Gerezani
Bado ni kabureta.

#50 Pwagu_wa_Tanga
Mnahangaika. Kata kranki, iunganishe upya kwa digrii 270, mtetemo kwaheri. Yamaha walifanya kwenye TRX850 mwaka 1995, na Bonneville mpya za 1200 za Triumph ya sasa zina 270.

#51 Dada_Torki
Kwaheri kwa mtetemo wa kwanza, karibu kwa mwingine wa kupepesuka kulia na kushoto, mdogo zaidi, nakubali. Lakini kamshafti zote mbili lazima zikatwe upya na moto uwe wa aina nyingine, maana milipuko haipishani tena mzunguko mmoja kamili. Kuna watu wamefanya kwenye Triumph za zamani na wanafurahi. Wana mashine kama zangu na hawalipii muda.

#52 Bin_Seif_Muscat
Pwagu kama una elfu tatu za pauni sema, tukuunganishe na dada.

#53 Pwagu_wa_Tanga
Nilikuwa napita tu.

#54 Mlala_Meriden
Kompresheni nimepima: kulia 175, kushoto 150. Baada ya kijiko cha oili, kushoto 165.

Halafu nilibadilisha kabureta, ya kulia nikaiweka kushoto na ya kushoto kulia, nifunge huo mjadala. Weusi umebaki kushoto.

#55 Salama_wa_Salala
Ringi.

#56 Fundi_Gerezani
Nyuso za kabureta ulizipima kwa rula? Watu wanakaza nati za Concentric kama za lori, uso unapinda, oringi (pete ya mpira ya kuziba hewa) haishiki. Ukibadilisha upande inavuta hewa vingine kabisa. Hilo jaribio si halali.

#57 Kichwa_Ngumu
Na plagi ulihamisha au kila moja ilibaki upande wake?

#58 Mlala_Meriden
Zilibaki. Na kifuniko cha waya wa kushoto nilikibadilisha palepale kwa sababu kilikuwa na ufa.

#59 Dada_Torki
Mlala!!

#60 Mzee_Magneto
Kijana, kuna gia ya kamshafti ya kuvuta umeshatuambia habari zake? Ile gia ina njia tatu za kabari (kijichuma kinachoifunga kwenye kamshafti), siyo moja. Ukiingiza kabari kwenye njia isiyo yake, alama zinaonekana sawa na taimingi ya valvu iko kando. Ulitumia ipi?

#61 Mlala_Meriden
Mzee wangu, niliingiza iliyokubali kuingia.

#62 Mpita_Njia
Naomba uzi huu ubandikwe juu.

#63 Salama_wa_Salala
Gia ya kamshafti inasumbua silinda zote mbili sawasawa, mzee. Kushoto tu haiwezi.

#64 Mzee_Magneto
Kukohoa kwa chini ni kwa zote mbili, mwanangu. Weusi ni wa moja. Nani alisema ugonjwa ni mmoja?

#65 Mlala_Meriden
Nashukuru wote. Nimeamua pistoni za 9:1 zirudi, mtego wa matope ufunguliwe, oili ya kawaida, na gia ya kamshafti nitaiangalia kwa diski ya digrii, ile ya kupimia mzunguko wa kranki. Ekzosi za wazi zinabaki, hizo nazipenda.

Nilitaka nitembee nayo mara moja ya mwisho kabla ya kuifungua. Nimepiga kiki, imenirudia. Kifundo kimevimba kama embe, ninaandika mguu ukiwa kwenye ndoo ya barafu.

#66 Mzee_Magneto
Imekurudia? Basi kifaa cha taimingi kimekwama wazi. Springi moja imechoka, moto unakuja mapema hata kwenye kiki. Nilisema tangu #16.

#67 Salama_wa_Salala
Au ni 10.5:1 na mguu mwepesi.

#68 Fundi_Gerezani
Pole sana mkuu. Mguu ukipona, oringi za kabureta uliziangalia?